Ndoo ya Maganda

Wiki iliyopita nilitoka kwenye semina kabla haijaisha, na mpaka leo sijaomba msamaha. Ilikuwa katika hoteli moja hapa mjini Garissa, ukumbi wenye feni sita na chupa ya maji mbele ya kila kiti. Mkufunzi, kijana nadhifu aliyetoka Nairobi, alikuwa anatufundisha sisi akina mama jinsi ya kutumia matunda na mboga nyumbani bila kutupa kitu. Alituonyesha ukutani picha ya ganda la tikiti maji, akasema, "Akina mama, mnatupa lishe!" Tukaandika kwenye vitabu vyetu. Kisha tukatoka kwenda kunywa chai, na pale nyuma ya jikoni nikakuta mapipa mawili yamejaa maganda ya tikiti tulilokula asubuhi, mengine bado yana nyama nyekundu yenye unene wa kidole. Jua lilikuwa limeshayachachusha. Ile harufu tamu inayogeuka kuwa kali ilinipanda puani, nikasimama pale na kikombe changu mkononi, nimewaka hasira.

Tuliporudi ndani kijana aliuliza kama kuna mwenye swali. Nikasema, "Sina swali. Haya maneno kamwambie mpishi wenu." Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Wenzangu wanasema nilimwonea kijana wa watu, na huenda ni kweli. Hasira ile haikuwa yake. Ni ya zamani, ina wenyewe wengi, na mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa mtaa wa Waberi, nyumba ya vyumba viwili na ua uliozungushiwa mabati. Baba alikuwa dereva wa lori, anapeleka bidhaa Hulugho na kurudi na mifugo, kwa hiyo tulimwona siku mbili, akapotea kumi. Mwaka ule mvua zilikosa, zikakosa tena, na mifugo ya ayeyo, mama yake baba, ikafa yote isipokuwa mbuzi mmoja mweupe. Baba akawapakia wote wawili kwenye lori akawaleta kwetu. Mbuzi alikuwa akiitwa Adey, yaani mweupe. Ayeyo alishuka akiwa amemkumbatia, akamweka chini kwanza, akahakikisha amesimama sawasawa, ndipo akatusalimia.

Siku hiyo hiyo mama alimpikia mkwewe chakula cha heshima: wali, na sahani ya pili ya kabichi iliyokaangwa pamoja na sukuma wiki. Ayeyo alikula wali matonge mawili, akamshukuru Mungu, akachukua ile sahani ya mboga, akainuka nayo, akaipeleka moja kwa moja mpaka kwa Adey. Aliporudi alimshika mama mkono. "Mungu akulipe, binti yangu," alisema kwa Kisomali, kwa unyenyekevu kabisa. "Umemkumbuka na mnyama wangu." Mama alibaki na mwiko hewani. Mimi nilicheka mpaka nikapigwa kofi.

Lakini halikuwa jambo la kucheka. Kwa ayeyo, majani yalikuwa ya mbuzi, na binadamu alikula kile ambacho mbuzi ameyafanya majani kuwa. Maisha yake yote alikuwa ameishi kwa maziwa, samli na nyama kidogo. Wali ulimkaa tumboni siku nzima, tambi alizitazama akazisukuma kwa wajukuu. Mama akamnunulia maziwa ya ngamia sokoni. Ayeyo akayanusa, akayarudisha kwa adabu. "Sinywi maziwa ya mnyama nisiyemjua," alisema. Nani alimkamua? Alikula nini? Ana ugonjwa? Kwa hiyo chakula cha ayeyo kikawa Adey peke yake: vikombe viwili asubuhi, kimoja jioni. Na Adey, katika mji usio na jani la kijani wakati wa kiangazi, alikula maganda yetu.

Haya yote nayajua sasa. Wakati ule sikuambiwa hata neno moja. Mama mkwe kutokula chakula cha nyumba ya mwanawe ni aibu, na mtoto wa miaka kumi ni redio. Niliambiwa tu kwamba maganda ni ya mbuzi, basi. Waswahili husema mficha uchi hazai. Sisi nyumbani kwetu tulificha kila kitu, na yaliyotupata tuliyataka.

Kama kuna mwanamke aliyejua kutotupa, ni mama yangu. Mabonde ya Mto Tana yalituletea ndizi, maembe, mapapai na matikiti hata ukame ukiwa umekausha kila kitu kingine, na mama alinunua yale yaliyobonyea, ambayo wengine waliyapita. Nyanya zilizolainika alizikata vipande akazianika juu ya mabati, zikawa za kupikia mwezi mzima. Ndimu zikishakamuliwa, maganda yake yaliingia kwenye chupa pamoja na chumvi na pilipili, yakakaa juani mpaka yakawa laini, tukayala na wali. Vijiti vya dania alivitwanga kwenye bisbas, ile pilipili yetu ya kijani. Ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi alizivuruga na unga akapika malawah, chapati zetu za maji, tukazila asubuhi na kulamba vidole. Tikiti lilikuwa na sehemu nne: nyekundu ya kula, nyeupe aliipika na nyanya kama mumunye, mbegu zilioshwa zikakaangwa na chumvi, na lile ganda gumu la kijani likawa la Adey. Maganda ya ndizi aliyakata vipande vyembamba kwa kisu, kwa sababu Adey hakuyapenda mazima. Ya vitunguu peke yake ndiyo hayakuingia kwenye ndoo. Ayeyo alisema yanaharibu ladha ya maziwa.

Mimi nilipokuwa nakwangua tikiti kwa meno nikifika karibu na kijani, mama alinipiga kwenye mkono. "Acha! Hiyo siyo yako!" Embe nalo lazima limenywe na ganda libaki na nyama kidogo. Nilimtazama mbuzi yule akitafuna kwa raha zake, nikaamini kwa moyo wangu wote kwamba mama yangu anampenda kuliko mimi. Nilimchukia Adey. Nilikuwa nampita nikimtolea ulimi.

Maganda ya nyumba moja hayatoshi mbuzi anayekamuliwa. Kwa hiyo mama alikuwa akizunguka kila jioni na ndoo, ilikuwa ya rangi ya kupaka ukuta, mpini umevunjika ukawekwa kamba. Alipita nyumba tatu za majirani, kisha kwa Mama Mwende, mama wa Kikamba aliyekuwa na kibanda cha juisi karibu na shule yetu. Kisha mama akajifungua mdogo wangu wa kiume, Abdi, akaingia arobaini yake. Ninyi mliolelewa huku mnajua: siku arobaini mama mzazi havuki geti. Ndoo ikawa yangu.

Siku ya tatu au ya nne nilifika kwa Mama Mwende nikiwa bado na sare za shule. Wasichana wa darasa langu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinywa juisi ya embe, na katikati yao Hodan, ambaye mama yake alikuwa mmoja wa wale majirani watatu. Hodan alinitazama mimi, akaitazama ndoo.

"Huyu huja kwetu pia," aliwaambia wenzake. "Nyumbani kwao wanakula maganda. Wao na mbuzi, sahani moja."

Benchi zima likacheka. Kufika kesho yake nilikuwa na jina jipya shuleni. Maganda. Maganda njoo, Maganda futa ubao. Mwalimu naye akalisikia, na badala ya kuwanyamazisha akatabasamu. Sijamsamehe huyo mwalimu. Mtu mzima mwenye chaki mkononi, anatabasamu.

Jioni ile nilizunguka kama kawaida, ndoo ikajaa. Lakini kabla ya kufika nyumbani kulikuwa na mtaro mkubwa wa maji ya mvua, mkavu, umejaa karatasi na chupa. Nikasimama, nikatazama huku na huku, nikaimwaga ndoo yote. Maganda ya tikiti yalibingirika mpaka chini. Nilijisikia mwepesi. Nilifika nyumbani nikamwambia mama kupitia mlango wa chumba chake, "Leo hawakuwa nayo."

"Hata Mama Mwende?"

"Hata yeye."

Kesho yake nikamwaga tena, na siku zilizofuata. Siku kumi na mbili nilimwaga chakula cha bibi yangu mtaroni.

Mama alikuwa chumbani na mtoto, na kikombe cha maziwa ya Adey, ambacho ayeyo alimgawia tangu ajifungue, kilimfikia kila asubuhi kikiwa kimejaa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushuku. Kilijaa kwa sababu ayeyo, maziwa yalipopungua, alimpa mzazi kile kikombe kilichopatikana. Yeye mwenyewe alisema amefunga. Tulizoea kumwona akifunga Jumatatu na Alhamisi. Sasa akafunga Jumanne, akafunga Jumatano. Magharibi ikiingia alifuturu kwa tende moja na chai ya rangi, na wali niliomwekea aliwagawia wadogo zangu kwa mkono wake. Na mimi, mpumbavu, nilijivuna. Niliwaambia wenzangu wa chuo cha Kurani kwamba ayeyo wangu anafunga kila siku, kwamba hakuna mcha Mungu kama yeye Waberi nzima. Nilitaka jina hilo lifute lile jingine.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba alijua. Mfugaji hadanganywi na tumbo la mbuzi. Kila asubuhi nilimwona akipitisha kiganja kwenye ubavu wa Adey, polepole, kisha ananitazama. Mara moja aliniuliza, "Njia ya kwenda kwa yule mama wa juisi ni ndefu?" Nikasema si ndefu sana. Akasema, "Haya." Mgeni hamshtaki mtoto wa nyumba. Huo ndio ustaarabu wetu, na mimi nauona ni ustaarabu wa kuua watu. Angenipiga! Angenivuta sikio, angepiga kelele majirani wajae! Alikaa kimya na njaa yake kwa heshima, na mimi nikamwona mtakatifu.

Siku ya kumi na tatu, akitia udhu wa alasiri, alianguka. Birika lilibingirika, maji yakamwagika kwenye mchanga. Nilipiga ukelele, na mama, arobaini au si arobaini, akatoka chumbani mbio. Tulikuwa tunamburuta kumweka kivulini wakati Mama Mwende alipobisha hodi. Alikuwa amekuja kumwona mtoto, ameshika sabuni na papai. Aliweka vitu chini akatusaidia kumbeba. Ayeyo alipofumbua macho, na sisi sote tumepumua kidogo, Mama Mwende akasema ili tu kuchangamsha hali, "Na mbuzi wa huyu shosho anaendeleaje? Yale matikiti ya jana aliyapenda? Nilijaza ndoo mpaka juu."

Mama aligeuka akanitazama. Nilitamani anipige, maana kipigo nilikijua, kina mwanzo na mwisho.

"Ulipeleka wapi?" aliuliza.

"Mtaroni."

"Siku ngapi?"

Nikamwambia. Mama akakaa chini mchangani, yeye mzazi, nguo zake nyeupe na yote. "Ile ndoo ilikuwa chakula cha ayeyo," alisema. "Hana kingine anachoweza kula. Ulikuwa unamwaga chakula cha ayeyo."

"Mbona hukuniambia?" nilimpigia kelele. Mama yangu mzazi, nikampigia kelele mbele ya mgeni. "Mbona ulisema ni ya mbuzi?"

Nashangaa kwamba miaka yote hii imepita na bado sijui ni nani kati yetu alikuwa na haki ya kukasirika zaidi.

Siku tatu ayeyo alikunywa maziwa ya ngamia ya sokoni, macho ameyafumba kama mtoto anayepewa dawa, kwa sababu mama alimwapia kwamba asipokunywa, yeye mama naye hatakula. Siku ya nne aliamka, akajifunga mtandio wake vizuri, akasema, "Leteni ndoo."

Mama akamwambia mtoto ataenda, sasa ameelewa. Ayeyo akatikisa kichwa. "Mtoto alitumwa kazi bila kuambiwa ni kazi ya nini. Ukimpa mchungaji mifugo bila kumwambia ni ya nani, usimlaumu ikipotea." Akanishika mkono, mkono wa pili fimbo yake, na ndoo tukaiweka kati yetu.

Tulipofika kibandani wasichana walikuwa pale pale, Hodan akiwa na glasi mdomoni. Nilidhani ayeyo anataka kuniadhibu mbele yao, kwa hiyo nikajificha nyuma yake. Lakini hakunitazama. Huyu ni mwanamke aliyekuwa na ngamia na mbuzi wasiohesabika, ambaye wageni walilala kwake wakaamka wameshiba, na ambaye tangu azaliwe hajawahi kutamka mbele ya mtu neno alilolitamka pale. Na alilitamka kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ili kila mtu pale barabarani aelewe.

"Mama Mwende, mimi nasikia njaa. Mbuzi yangu ikikula maganda, mimi nabata maziwa. Niba maganda. Na hii mtoto, watu wasiseme yeye fibaya. Maganda ni ya mimi."

Hakuna aliyecheka. Hodan aliweka glasi chini, nikaona shingo yake imezama mabegani. Mama Mwende alifuta mikono kwenye leso. "Shosho, kaa kwanza," alisema, akamvutia kiti. Alijaza ndoo, akajaza na karai lake. Mimi sikumwona ayeyo kuwa shujaa, msinidhanie mema. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Maganda, na ndoo ile sikuimwaga tena, na baada ya siku chache Adey akarudi kwenye vikombe viwili.

Ningependa kuishia hapo. Kama ningekuwa yule kijana wa semina, ningeishia hapo na makofi mngepiga.

Garissa habari haitembei, inaruka. Haukupita muda, baba alirudi na lori, na nyuma yake gari lenye wazee watatu kutoka Hulugho, watu wa ukoo wake. Walikuwa wamesikia kwamba mama wa watu anaomba maganda mjini. Walikaa mkekani wakasema imekuwa fedheha, kwamba hawezi kudhalilika kana kwamba hana watu, kwamba watamrudisha nyumbani wamtunze. Watu! Alipokuwa na mbuzi mmoja nyikani watu walikuwa wapi? Walizungumza kuhusu jina la ukoo mpaka chai ikapoa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza anakula nini.

Kisha baba akaanza kutafuta kisu. Wazee waliotoka mbali hivyo hawalishwi nyama ya kununua, lazima mnyama achinjwe kwa ajili yao, na kwenye ua wetu kulikuwa na mnyama mmoja. Nilimsikia mama akisema kutoka chumbani, maana hakuruhusiwa kutoka mbele ya wageni, "Baba Abdi, usimchinje. Amerudisha maziwa. Mama yako anakula nini?"

"Niwape nini wazee? Watanisemaje?" baba alijibu kwa sauti ya chini. Akamgeukia mama yake. "Hoyo, unaruhusu?"

Alimuuliza mbele yao. Mbele ya wanaume watatu na birika la maji ya kunawa. Angejibu nini? Ayeyo alitazama mkeka. "Wageni ni wageni," alisema.

Walikula vizuri. Wali mwekundu, nyama, na kila mzee na ndizi yake, akiimenya na kuikata juu ya wali, kama tunavyokula sisi. Walipomaliza niliokota maganda ya ndizi sahani kwa sahani, nikakaa jikoni nikayakata vipande vyembamba kwa kisu, nikayapeleka nyuma ya nyumba. Mikono ilikuwa imezoea, haikuniuliza. Nilifika kwenye kigingi nikaona kamba tu, na mchanga ulioloa, nikabaki nimesimama na ile sahani.

Ayeyo alikuja nyuma yangu. Alikuwa tayari amevaa kwa safari. Alichukua sahani mkononi mwangu, akanyoosha mkono, akayarusha maganda yote juu ya ukuta wa mabati, mbali, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Katika nyumba ile, tangu nilipopata akili, sikuwa nimewahi kuona kitu kikitupwa.

"Sasa ni takataka," alisema, akanirudishia sahani.